Mbavu za Mtani

"Shikamoo, dada Otilia," Kihwele alisema pale mlangoni, kofia kaishika mkononi kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Otilia Ngonyani alikuwa ameinama mezani akichomelea waya kwenye mkanda. Akainua kichwa polepole, akamtazama. Kisha akachungulia nyuma yake, labda kuna mtu mwingine kaingia naye.

Kwanza, Kihwele alikuwa amemzidi miaka sita, kwa hiyo shikamoo hiyo ilikuwa inateremka badala ya kupanda. Pili, na hili ndilo kubwa, Kihwele ni Mhehe na Otilia ni Mngoni. Mababu zao walipigana maeneo haya haya ya Makambako mpaka wakachoka, walipochoka wakawa watani, na mtani hana salamu. Mtani anaingia kwako bila hodi, anafunua sufuria, anauliza nani kakudanganya kwamba unajua kupika. Tangu wafungue karakana yao, kila asubuhi Kihwele alikuwa akiingia na swali lile lile: "Wangoni mmeamka? Panya wa mboga wamebaki?" Na Otilia hujibu, "Wapo, ila mbwa wa jirani simwoni, halafu wewe naona umenawiri."

"Nani kafa?" Otilia aliuliza.

"Hakuna aliyefariki, dada yangu. Umeamkaje?"

"Kihwele, usinitishe. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea lolote. Nakuheshimu sana."

Otilia aliweka kazi chini. Mtani akifikia hatua ya kukwambia anakuheshimu, hapo ujue kashaongea na wakili.

Kihwele akafunga mlango, akapandisha shati. Mbavuni alikuwa amevaa mkanda. Ulikuwa wa kwao wenyewe, Otilia aliujua kwa mshono wake wa zigizaga, lakini pembeni mwa betri palikuwa na kibandiko cha bluu cha Baraza la Staha.

"Naomba uniruhusu nikuoneshe," alisema, akavuta pumzi kama mtu anayesubiri sindano. "Wewe Mngoni, una kichwa kama..."

Hakumaliza. Mkanda ulijikaza. Otilia alisikia mpira ukilia, akamwona mwenzake akijikunja, macho yamemtoka kama aliyemeza mfupa wa samaki. Mkanda ukambana, ukambana, halafu ukamwachia.

"...kama cha mtu mwenye busara nyingi," Kihwele alimalizia, sauti imekuwa nyembamba.

"Umeweka nini humo?"

"Wameweka wao. Walikuja jana ukiwa kwa fundi cherehani." Akaketi taratibu, akishika ubavu. "Otilia, muhuri wamekubali kutupatia."

Moyo wa Otilia uliruka, halafu ukakumbuka ulichokiona, ukarudi chini.

Muhuri ndio waliokuwa wakiulilia. Mchezo wenyewe waliuita Mbavu. Unavaa mkanda chini ya kifua. Ndani yake mna nyuzi zinazosikia mbavu zikitanuka, na mna vipande vya plastiki vinavyojikunja kama misuli vikipewa umeme kidogo. Ukicheka, nyuzi zinasikia, kicheko kinapita kwenye ngozi yako, kinatokea kiganjani, kinaingia kwa uliyemshika mkono, na kwake vile vipande vinamtekenya jinsi wewe ulivyotikisika. Hakuna waya kati ya mtu na mtu. Mwili ndio waya. Watu wanasimama duara, timu mbili, wameshikana mikono. Mmoja anachokoza, upande wa pili unajikaza usicheke. Anayecheka anatekwa, anahamia kwa adui. Ubaya wake, ambao ndio utamu wenyewe, ni kwamba nguvu ya kicheko hugawanyika kwa wote walioshikana, kwa hiyo ukimchekesha adui sana anakuchekesha na wewe. Mwisho wa mchezo watu wote wako timu moja, na hakuna anayekumbuka alianzia wapi.

Walikuwa wanaucheza humo humo karakanani, kwa kuwa karakana, mpaka mkanda huo ulipoingia, haikuwa na sikio. Kumbi zote zilikuwa nayo. Sikio ni kidude kidogo kama kizibo cha soda, cha bluu, kimebandikwa ukutani. Kinasikiliza, kinapeleka maneno kwenye Mizani, na Mizani inapima: jina la kabila likikaa jirani na jina la mnyama, au likitamkwa kwa sauti ya kejeli, umepungukiwa pointi za staha. Zikipungua sana, hukodishiwi ukumbi, hupewi maiki, hata kwenye msiba wa nduguyo unakaa nyuma. Ndiyo maana siku hizi watu sherehe wanazihudhuria kama kikao cha bodi. Bila muhuri wa Baraza, Mbavu haiwezi kuvuka mlango wa karakana. Ukiwa na muhuri, inaingia kila ukumbi nchini.

"Kwa hiyo mtu akitania," Otilia alisema, "mkanda wetu unambana."

"Mkanda wetu unambana."

"Mkanda niliotengeneza kwa ajili ya kicheko."

"Sikiliza, dada..."

"Usiniite dada! Niite unavyoniitaga!"

"Siwezi, bado nimeuvaa," Kihwele alisema. Akaanza kuufungua kwa mkono wake wa kushoto, ule wenye ngozi inayong'aa kama karatasi ya plastiki.

Mkono huo Otilia alikuwa anaufahamu. Miaka kumi na moja nyuma mtu mmoja alisimama sokoni na spika, akachekesha watu kuhusu kabila fulani, na wenye kabila hawakucheka. Jioni maduka yaliwaka. La Kihwele la redio lilikuwa la tatu. Aliingia kuokoa redio ya mteja. Mwaka huo wote watu waliuita Mwaka wa Maneno, na baada ya hapo ndipo masikio yalipobandikwa, na watu wengi walishukuru.

"Wewe hukuwepo sokoni," Kihwele alisema kwa upole, mkanda ukiwa mezani sasa. "Mimi sijasema Baraza wako sahihi. Nasema hawakuota tu usingizini."

Otilia alisogea mezani. Akachukua mkanda ule, akautazama kama unavyomtazama mtoto wako aliyerudi shule na tabia mpya.

* * *

Bi. Nakijwa Mshana, afisa wa Baraza, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Otilia kuliko yote. Angekuja na kelele, Otilia angejua pa kumshikia. Alikuja na suti ya kitenge iliyopigwa pasi, akakubali chai, akaisifia, akauliza kiti kipi hakiyumbi.

"Mchezo wenu mzuri," alisema. "Mimi mwenyewe nimeusoma mara mbili. Sisi tunaongeza jambo moja dogo tu."

"Kubana watu mbavu."

"Kumkumbusha mtu. Pointi zinakatwa usiku, mtu anajua asubuhi, kashasahau alisema nini. Mkanda unamkumbusha palepale. Na hauvunji kitu, tumepima."

"Afisa, unajua mtani ni nini?"

"Nimezaliwa Same, mama. Mimi Mpare. Nawajua Wachaga tangu niko mgongoni." Alitabasamu, kisha tabasamu likarudi lilikotoka. "Lakini Mizani haijui mtani. Inajua neno na inajua sauti. Tukianza kuuliza nani mtani wa nani, kila mtukanaji atajipatia utani jioni moja."

"Basi isisikilize mdomo. Isikilize mbavu za aliyetaniwa. Hiyo mikanda inasikia. Akicheka, hajatukanwa."

Bi. Nakijwa aliweka kikombe chini.

"Wewe umewahi kumchekea bosi?"

Otilia aliokota kipande cha waya mezani.

"Bosi anakutania umbo lako mbele za watu, na wewe unacheka. Unacheka kwa sababu kodi ya nyumba ni mwisho wa mwezi. Ukiipa Mizani kicheko, umewapa wenye nguvu ruhusa ya kutukana kila anayewaogopa."

"Kicheko cha woga kinaishia juu," Otilia alisema, akijigusa chini ya koo. "Hapa. Mbavu za chini hazishiriki. Nimewavisha watu mikanda miaka minne, naijua tofauti hata gizani."

"Kila mara?"

Otilia alitaka kusema kila mara. Kihwele, aliyekuwa pembeni akifunga skrubu ambazo zilishafungwa, alimtupia jicho.

"Karibu kila mara," alisema.

"Hiyo 'karibu' ndiyo ninayolipwa kuilinda," Bi. Nakijwa alisema, akasimama. "Jumamosi tufanye jaribio. Nimesikia kuna sendofu kwenye familia ya Bwana Kihwele. Mikanda thelathini, toleo letu. Likienda vizuri, napiga muhuri palepale ukumbini. Mimi nami nitavaa, msiseme naogopa."

Alipoondoka Otilia alibaki amesimama katikati ya karakana.

"Sendofu ya mpwa wako Imelda," alisema. "Binti wa Kihehe anaolewa na Mngoni. Mashemeji wanatoka Songea mpaka hapa. Hivi unajua hiyo siku inatakiwa iweje? Sisi tulitakiwa tuingie tukidai bibi harusi mmemnyonyoa, mpunguze mahari! Nyie mtufungie mlango! Sasa wataingia wamevaa mikanda, watasema nini? 'Habari za siku nyingi'?"

"Watasema habari za siku nyingi," Kihwele alikubali.

"Na mikanda unaiandaa wewe."

"Naiandaa mimi. Nimepewa programu, naiweka." Hakumtazama. "Tukikataa kabla ya kujaribu, wanafunga karakana na mikanda inatengenezwa na mtu mwingine. Mtu asiyejua kicheko kinaanzia wapi. Hilo umelifikiria?"

Alikuwa amelifikiria. Alilifikiria tena njia nzima ya kwenda nyumbani, na bado jibu lilikuwa gumu kama ugali wa jana.

* * *

Ukumbi ulipambwa mpaka ukaona aibu. Vitambaa vya zambarau, maua, keki ya ghorofa. Na kimya. MC Ndesanjo, Mchaga wa Marangu aliyeishi Makambako mpaka akasahau baridi ya kwao, alikuwa anatangaza kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari.

"Tunawakaribisha ndugu zetu wageni waheshimiwa kutoka mkoa wa... kutoka upande wa kusini."

Wangoni wakaingia kwa mstari. Baba mdogo wa bwana harusi, mtu ambaye Otilia alijua ana mdomo wa kuamsha mtaa, alimpa mkono shangazi wa Imelda, akainamisha kichwa. "Poleni na maandalizi." Shangazi akajibu, "Tunashukuru, karibuni sana." Wote wawili mbavu zao zilikuwa zimekaa wima kama za watu wanaopigwa eksirei.

Imelda, pale juu kwenye kiti chake cha dhahabu, alikuwa anatabasamu huku machozi yanakaribia. Akamwita Otilia kwa kidole.

"Mama Otilia," alinong'ona, "hawa watu wananichukia?"

"Nani kasema?"

"Hakuna hata mmoja aliyenisema vibaya! Dada yangu alivyoolewa, kabla ya masikio, Wangoni walikuja na kamba ya ng'ombe, wakasema wamekuja kumfunga. Bibi alicheka mpaka akalazwa chini. Mimi wananiambia hongera." Akalitamka neno hilo kama jina la ugonjwa. "Ina maana hawanitaki?"

Otilia alimfuta shavu kwa ncha ya khanga. Hakumjibu, maana jibu lilikuwa limevaliwa na watu thelathini mle ukumbini.

Duara likapangwa. Wahehe upande wa jukwaa, Wangoni upande wa mlango, bibi harusi kati ya shangazi yake na Kihwele. Bi. Nakijwa akavaa mkanda wake chini ya koti la suti, akasimama kati ya MC Ndesanjo na Otilia, akashika mikono yao. Viganja vyake vilikuwa vya baridi. Ukutani kioo kikubwa kilionesha mbavu za kila mtu kama mstari mmoja mdogo, na mistari yote ilikuwa imelala.

"Mchokozi wa kwanza," MC alisema. "Kwa... kwa staha."

Baba mdogo wa bwana harusi akakohoa. "Ndugu zetu wa Iringa," alianza, "mnapenda sana... usafi." Akanyamaza. Mtu mmoja akasema asante.

Otilia aliiangalia ile mistari iliyolala. Miaka minne. Alikuwa amejifunza mbavu kama wengine wanavyojifunza Biblia, ili watu wazima washikane mikono na wasiweze kujizuia. Na hapa walikuwepo, wameshikana, wanajizuia kabisa. Muhuri huo hapo. Akinyamaza dakika ishirini tu, Mbavu itaingia kila ukumbi, na kila ukumbi utakuwa hivi.

Akavuta pumzi. Alijua maumivu yenyewe, aliyaona kwa Kihwele. Akakaza tumbo.

"Nyie Wahehe!" alipaza sauti mpaka keki ikatikisika. "Tumeingia mtaani kwenu leo, hatujabwekewa hata na mbwa mmoja! Hiyo nyama ya sendofu tunaomba tuoneshwe mkia wake kabla hatujala!"

Sikio ukutani likawaka nyekundu. Otilia akafumba macho.

Kikaja kitu kama kidole kimoja ubavuni. Kidole tu, cha mtu mwenye utani.

Akafumbua macho. Duara zima lilikuwa limeruka kidogo, kwa pamoja, kama watu thelathini waliotekenywa na mtu mmoja. Shangazi wa Imelda alitoa sauti, "Hii!" Baba mdogo akajipinda. Na kioo ukutani kilionesha mistari yote imenyanyuka mara moja, sawasawa, vimilima thelathini.

Otilia alimgeukia Kihwele pale ng'ambo. Programu ya Baraza ilikuwa imepitishwa mle mle, kwenye njia ya mikono. Adhabu ya mmoja ilikuwa inagawanywa kama kicheko.

"Kihwele!" aliita. "Umefanya nini?"

Kihwele alimtazama kwa uso wa sanamu. Mkono wake uliong'aa ulikuwa umekamata mkono wa Imelda.

"Unaniuliza mimi?" Kihwele alisema hatimaye, sauti ikapanda mpaka kwenye dari. "Mimi Mhehe, mlishasema hatufikirii mbele! Ningejuaje? Muulize babu yako aliyetoka kwa Wazulu kwa miguu, kufika Songea akakaa kwa sababu aliishiwa viatu!"

Kidole kikaja. Duara likaruka. Na safari hii Imelda akacheka.

Alicheka kutokea chini kabisa, mbavu za mwisho, zile ambazo uongo haufiki. Kicheko kikapita kwenye mkono wa shangazi, kikapita kwa Kihwele, kikazunguka, na kilipokutana na kile kidole cha adhabu vikachanganyika, hakuna aliyejua tena lipi ni kosa na lipi ni furaha. Baba mdogo wa bwana harusi akafunguka kama bomba lililoziba. "Huyu bibi harusi kwanza ageuke tumwone! Mgongo mmeuficha, kuna kasoro!" Shangazi akajibu, "Kasoro ni kumpa Mngoni! Tulimtafutia mtu, tukakosa, tukawaita!" Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Sikio ukutani lilikuwa linawaka kama taa ya disko. Watu wakawa wanaruka na kucheka, wanacheka kwa sababu wanaruka.

"Simamisheni," Bi. Nakijwa alisema. Hakuna aliyesikia.

MC Ndesanjo ndiye aliyemgeukia. Alikuwa na jasho, na alikuwa na macho ya mtu ambaye amefunga mdomo miaka mingi.

"Afisa, wewe si Mpare? Wapare hawa jamani! Mtu anauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushitaki kuku! Hapo alipo anatuandalia kesi, na ushahidi wake ni pilau letu, kalifunga kwenye pochi!"

Otilia alikuwa ameshika mkono wa afisa, kwa hiyo alikipata kicheko chake kabla ya kioo. Kilianzia chini. Bi. Nakijwa alikibana, akafumba midomo, akatazama juu, lakini mbavu hazina adabu. "Mchaga wewe!" alifoka. "Ulivyozaliwa ulimdai mkunga chenji!"

Sikio likawaka nyekundu. Kwa ajili yake.

* * *

Bi. Nakijwa aliyanyamazisha makelele kwa kuinua sauti, si kwa kuachia mikono. Macho yake yalikuwa bado na maji.

"Nimecheka," alisema. "Sikatai, imo kwenye kioo. Nimecheka kwa kuwa huyu ni mtani wangu na ninamfahamu. Lakini kesho atakuja mtu ambaye si mtani wa yeyote. Ana chuki, ana mdomo. Mkanda utambana, na duara lenu litaigawana adhabu yake mpaka isiwepo. Mama Otilia, umetengeneza kichaka cha kujifichia mtukanaji."

Kihwele aliinamisha macho kwenye mkono wake wa kushoto. Hili halikuwa swali la kijinga, na mle ndani yeye ndiye aliyelijua kwa ngozi.

"Mimi ningemwachia," alisema ghafla.

"Unasemaje?"

"Yule wa sokoni. Angekuwa duarani, mimi na jirani yangu tungeachia mikono. Maneno yake yangebaki na mbavu zake, mzigo wote, peke yake." Akamgeukia Otilia. "Siku ile sikuwa na cha kuachia. Nilikuwa nimesimama tu nasikiliza."

"Ndiyo mizani yenyewe hiyo," Otilia alisema. "Hapa kila mtu anapima kwa mkono wake. Nikitukana kwa chuki, wataniachia. Wakinishika, ina maana wamekubali kuumia na mimi kidogo."

"Na wanaoogopa kuachia? Yule wa bosi?"

Otilia alifikiri. Angeweza kudanganya, ukumbi ulikuwa upande wake.

"Huyo sijampatia dawa," alisema. "Lakini hata nyie hamjampatia. Mmemnyamazisha bosi, na yeye mmemnyamazisha."

Bi. Nakijwa aliitazama ile mistari ukutani. Kisha akarudi kuwa afisa, na Otilia aliona jinsi kurudi kwenyewe kulivyomgharimu.

"Bwana Kihwele, kuitenganisha hiyo njia ni kazi kubwa? Kicheko kipite mikononi, adhabu ibaki kwa mwenyewe?"

"Mstari mmoja wa programu."

"Utoe. Nawapa muhuri sasa hivi. Usipoutoa, mchezo umepigwa marufuku, na Jumatatu nakuja na gari kuchukua kila kilichomo karakanani. Sipendi, lakini nitakuja. Mnanijua sasa."

Kihwele alimtazama Otilia. Otilia akisema toa, angetoa. Otilia akaiona karakana tupu, meza bila nyaya, alama za miguu ya meza sakafuni. Akaziona na kumbi zote za nchi, na ndani yake mtu mmoja mmoja akijikunja peke yake huku wenzake wamemshika mikono na hawasikii kitu.

"Jumatatu uje na gari kubwa," alisema. "Ile meza ni ya mninga."

"Fikiria vizuri, mama."

"Nimefikiria miaka minne. Andika tumekataa."

Bi. Nakijwa akageukia ukumbi. "Jaribio limefungwa. Wote vueni mikanda."

Hakuna aliyesogea. Kikapita kimya cha kwanza cha sherehe ile kilichokuwa na raha ndani yake.

"Afisa," Imelda alisema kwa heshima zote, akiinua mikono yake miwili pamoja na ya shangazi na ya mjomba, "tungevua, lakini mikono yetu imeshikwa."

"Ya kwangu pia imeshikwa," baba mdogo alisema.

"Mimi nimeshikwa huku na huku," alisema MC Ndesanjo, "na upande mmoja nimeshikwa na Serikali."

Bi. Nakijwa alitazama mikono yake. Alikuwa bado hajaachia. Akaachia kwanza wa MC. Wa Otilia aliukawiza, labda kwa sababu ya mazoea tu, kisha akauachia na huo. Akafungua mkanda wake, akaukunja vizuri kama mtu anayekunja nguo ya mwenzake, akauweka kitini. Viatu vyake vilisikika mpaka mlangoni, na mlangoni vikasimama kidogo kabla havijaendelea.

Pengo lilikuwa la hatua moja. Otilia akanyoosha mkono, MC Ndesanjo akanyoosha wake, viganja vikakutana, vya moto vyote.

"Haya," baba mdogo wa bwana harusi alisema kwa wasiwasi. "Tunaendelea? Litawaka tena lile."

"Liwake," Otilia alisema, akajaza kifua. "Nyie Wahehe, hiyo mahari mnayotaka, mnauza binti au mnauza wilaya?"

Sikio likawaka. Kidole kikaja ubavuni, na safari hii kilikuwa kizito zaidi, kizito kwa kiasi cha mtu mmoja aliyeondoka. Wote walikisikia. Otilia alisubiri aone nani ataachia.

Mikono ikakaza.

"Wilaya!" shangazi alijibu, na duara likaruka.